Kikundi cha wapenda ndege kihifadhiwe wapi? Tathmini ya WhatsApp, Telegram, Discord, Groups.io na Discourse

Kikundi cha harusi kina mwisho unaojulikana. Michango ikikamilika, sherehe ikapita na picha zikagawanywa, watu hutoka mmoja baada ya mwingine na hakuna anayeuliza mazungumzo yale yamekwenda wapi. Kikundi cha wapenda ndege hakina mwisho wa namna hiyo. Taarifa kwamba keremkerem wamewasili Tanga mapema kuliko kawaida, au kwamba kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na tangu hapo akasambaa pwani nzima, ameonekana katika mji fulani wa bara, huwa na thamani kubwa zaidi baada ya miaka kumi kuliko siku ilipoandikwa, kwa kuwa hapo ndipo mtu hupata cha kulinganisha. Ndiyo maana katika tathmini hii nimeyapima majukwaa kwa swali moja kabla ya mengine yote: siku tutakapotaka kuhama, au jukwaa lenyewe litakapofungwa, tutaondoka na nini mkononi?

Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kikundi chenye wanachama Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja na Kampala, pamoja na wachache wanaoishi Maskati. Hao wa Oman hawakuingia kwa ajili ya undugu tu. Yupo ndege wa pwani, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye wakati wa kaskazi hukusanyika kwa wingi katika hori ya Mida karibu na Watamu, ilhali huzaliana akichimba mashimo mchangani katika fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba, kwa hiyo anayemhesabu huku ana mengi ya kumuuliza anayemwona kule. Mazungumzo ya aina hiyo yanahitaji picha zisizopoteza ubora, uwezo wa kutafuta yaliyosemwa zamani, njia ya kuficha mahali penye viota, na mlango ambao mgeni anaweza kuuingia bila kuhisi kwamba amefika mwishoni mwa baraza.

WhatsApp ndipo karibu kila kikundi huanzia, na sababu zake ni nzito. Kila mwanachama anayo tayari kwenye simu, makampuni ya simu yamekuwa yakiuza bando la WhatsApp peke yake kwa bei nafuu, ujumbe wa sauti humwezesha aliye porini kueleza alichokiona bila kuandika, na programu yenyewe inatumika kwa Kiswahili. Tangu 2022 kikundi kimoja kinaweza kuchukua hadi watu 1,024, na mwishoni mwa mwaka huo zikaongezwa jumuiya zinazounganisha vikundi kadhaa chini ya usimamizi mmoja. Kwa habari za papo hapo hakuna kinachoishinda: ndege adimu akionekana Mida saa mbili asubuhi, ifikapo saa mbili na nusu wenye pikipiki wako njiani.

Udhaifu wake huanza swali linapohitaji kuishi zaidi ya siku moja. Chukua mfano wa picha ya chozi jike, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ambaye rangi yake iliyofifia huwachanganya hata wazoefu. Mwenye picha anaanza kwa adabu, "Shikamooni wakubwa, huyu ni chozi gani?" Zinafuata marahaba tano au sita, kisha kadi ya Ijumaa njema, kisha mzee mmoja mjuzi anaandika aya nzima kuhusu mkunjo wa mdomo, mchirizi juu ya jicho na mimea iliyoonekana kwenye picha, na kabla hajamaliza mtu mwingine ameuliza bei ya darubini. Kufikia asubuhi maelezo yale yamezama. Baada ya miezi miwili mwanachama mwingine anapiga picha ya chozi wa aina ile ile na mzee analazimika kueleza upya. Safari ya tatu anajibu kwa neno moja, na ya nne hajibu kabisa. Hivyo ndivyo vikundi vingi vinavyowapoteza wajuzi wao, bila ugomvi wowote na bila mtu kutangaza kwamba anatoka.

Ni kweli kwamba unaweza kutafuta kwa neno, lakini ujumbe wa sauti hautafutiki, picha isiyo na maelezo haitafutiki, na jina la ndege mmoja huandikwa kwa namna nne na watu wanne. Mgeni anayejiunga leo hana njia ya kurudi nyuma kusoma yaliyosemwa katika miaka iliyotangulia. Ukijaribu kuyatoa mazungumzo ili uyahifadhi kwingine, programu hukupa faili la maandishi matupu, lenye ujumbe usiozidi 40,000 wa karibuni bila picha, au usiozidi 10,000 ukitaka na picha zake. Kwa kikundi chenye shughuli nyingi kiasi hicho huenda kisifike hata mwaka, na majibu yote humo yamepangwa kwa saa yalipotumwa, si kwa swali yaliyolijibu.

Kuna jambo la picha ambalo wapiga picha wenzangu hulilalamikia, na halina jibu rahisi. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuondolewa taarifa zilizofichwa ndani yake, zikiwemo tarehe na mahali ilipopigwa. Tangu 2023 unaweza kuchagua ubora wa juu, na ukiituma kama hati hufika kama ilivyotoka kwenye kamera. Hapo ndipo hatari ilipo. Bundi mdogo wa Sokoke, anayejulikana hasa katika msitu wa Arabuko-Sokoke na katika vilima vya chini vya Usambara Mashariki, hulala mchana kwenye vichaka ambavyo waongozaji wa msituni wanavifahamu, na picha yake moja ikitumwa kama hati kutoka kwenye simu yenye GPS inaweza kubeba mahali alipo kwa usahihi wa mita chache hadi kwa watu mia kadhaa ambao msimamizi hawajui wote. Kama kikundi chenu kitabaki WhatsApp, sheria ya kwanza iwe kwamba hati za picha za ndege walio hatarini zisitumwe kikundini.

Namba za simu nazo ni kikwazo, hasa kwa akina dada, ambao wengi wao hawapendi namba zao zionwe na kila aliyeingia kupitia kiungo kilichosambazwa. Isitoshe, uanachama umefungwa kwenye namba. Laini ikipotea na kampuni ya simu ikamuuzia mtu mwingine namba ile, au akaunti ikakaa kwa takriban siku 120 bila kutumika na ikafutwa, mwanachama hutoweka kikundini pamoja na cheo chake, hata kama alikuwa msimamizi.

Telegram, iliyoanzishwa 2013 na ndugu wawili Pavel na Nikolai Durov, inatibu sehemu kubwa ya maradhi hayo, na kwa kikundi kisicho na mtu wa kusimamia seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia jukwaa mtandaoni, ningeiweka juu ya WhatsApp bila kusita. Kikundi kinaweza kufika watu 200,000, faili moja linaweza kufika gigabaiti 2, namba ya simu inaweza kufichwa na mtu akajulikana kwa jina alilojichagulia, na msimamizi akiruhusu, mgeni husoma historia yote tangu siku ya kwanza. Tangu mwishoni mwa 2022 kikundi kikubwa kinaweza kugawanywa kwa mada, kwa hiyo maswali ya kutambua ndege hukaa chumba chake na biashara ya darubini hukaa chake. Kilichonivutia zaidi ni kwamba programu yake ya kompyuta hutoa nakala ya mazungumzo yote pamoja na picha, katika muundo unaosomeka kwa kivinjari cha kawaida au unaoweza kuchakatwa na programu nyingine. Kwa swali langu la kwanza, hilo ni jibu zuri kuliko la washindani wake wengi.

Hata hivyo, wanachama wetu wa Kenya wana sababu ya kusitasita. Mnamo Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilizuiwa nchini humo wakati wa mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari kwa sababu ilikuwa ikitumika kusambaza karatasi za mitihani, na Novemba ndio mwezi ambao ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wanafurika pwani. Ujue pia kwamba mazungumzo ya kikundi hukaa kwenye seva za kampuni bila usimbaji wa kutoka mwisho hadi mwisho uliopo WhatsApp, ambao huwaachia wanaozungumza tu uwezo wa kusoma ujumbe. Kwa wapenda ndege hilo si jambo la kukosesha usingizi, mradi mahali pa viota pasitajwe. Zaidi ya hayo, kutenganisha mada kwa vyumba hakuondoi tabia ya mazungumzo kutiririka, na ndani ya chumba cha kutambua ndege maswali matatu ya siku moja bado hujibiwa kwa kupishana, kila jibu likihitaji mtu abonyeze aone linarejelea ujumbe upi.

Kwa Facebook sitakawia. Watu wako huko, albamu za picha zinapendeza, lakini kinachoonekana kwanza huamuliwa na hesabu za kampuni na si na msimamizi, swali la wiki iliyopita ni shida kulipata, na kwa upande wa Uganda mtandao huo ulifungwa Januari 2021 kuelekea uchaguzi mkuu, na katika miaka iliyofuata wenzetu wa Kampala wamekuwa wakiingia kwa VPN. Kikundi cha wazi cha ndege huko pia huwavuta wauzaji wa kasuku wa kijivu, ndege wa misitu ya Kongo na Uganda ambaye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vya porini uliamua mwaka 2016 kwamba biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikome, na msimamizi hujikuta akifanya kazi ya askari wa forodha. Reddit ni nzuri kwa anayeandika Kiingereza na kutafuta ushauri wa dunia nzima. Juni 2023 maelfu ya jumuiya zake zilijifunga kwa makusudi kupinga bei mpya ambazo kampuni iliwatoza watengenezaji wa programu za nje, na bei zikabaki palepale. Wasimamizi wale waliojenga jumuiya kwa miaka mingi bila malipo walijua siku ile nani mwenye nyumba na nani mpangaji.

Discord inapendekezwa sana na vijana wetu, na wana hoja. Ilianza 2015 kwa ajili ya wacheza michezo ya kompyuta, ina vyumba vya sauti ambamo watu wanaweza kuketi pamoja jioni na kusikiliza rekodi za milio ya ndege, utafutaji wake wa ndani ni mzuri kuliko wa WhatsApp, na tangu 2022 ina vyumba vya mijadala ambamo kila swali huwa na kichwa na majibu yake peke yake. Tulipoijaribu, vijana walikuwa wamepanga vyumba kumi na kitu kabla wazee hawajafanikiwa kuthibitisha barua pepe zao. Mtu aliyezoea orodha moja ya mazungumzo anapokutana na safu ya seva kushoto (ndivyo Discord inavyoziita jumuiya), safu ya vyumba katikati, na arifa nyekundu zinazowaka kila mahali, huona kama ameingizwa kwenye chumba cha kuongozea ndege za abiria. Kifurushi cha bure kinaruhusu faili la megabaiti 10 tu, kiwango ambacho kilipunguzwa kutoka 25, na picha nyingi za kamera ya kitaalamu huvuka hapo. Zaidi ya yote, hakuna njia rasmi ya msimamizi kutoa nakala ya seva nzima, na yaliyomo hayapatikani kwa anayetafuta kupitia Google. Mtu wa Lindi anayetafuta jina la ndege aliyemwona hatafika kwenye jibu letu hata liwe zuri namna gani. Oktoba 2024 Urusi na Uturuki ziliizuia Discord kwa siku zilizokaribiana, na jumuiya za huko zilibaki nje ya mlango bila nakala ya chochote walichoandika.

Anayedhani kwamba hofu hii ya kufungiwa ni ya kupita kiasi atazame yaliyowapata wapenzi wa mambo mbalimbali katika miaka ya karibuni. Yahoo Groups, ambamo vikundi vya ndege, vya redio za masafa mafupi na vya ukoo vilikuwa vimekusanya barua za karibu miaka ishirini, ilitangaza Oktoba 2019 kwamba mafaili na kumbukumbu zingefutwa, ikafanya hivyo baada ya miezi michache, na ikazimwa kabisa tarehe 15 Desemba 2020. Google+ na jumuiya zake ilifungwa kwa watu wa kawaida Aprili 2019. Pigo la Photobucket lilikuwa la aina nyingine: mwaka 2017 kampuni hiyo iliamua kwamba anayetaka picha alizohifadhi kwao zionekane kwenye tovuti nyingine alipe dola 399 za Marekani kwa mwaka, na kwa siku chache maelezo ya jinsi ya kutengeneza kabureta, kuunda mashua za mfano au kutofautisha mbegu za maua yakabaki maandishi yasiyo na picha, kila mahali pa picha pakiwa na tangazo la kudai malipo. Tangazo lile liliwafikia hata watu ambao hawakuwahi kuwa wateja wa kampuni hiyo, kwa sababu tu mwenzao aliyewajibu miaka mitano iliyopita alikuwa ameweka picha zake huko.

Groups.io ina mizizi katika historia hiyo ya Yahoo Groups. Mwanzilishi wake, Mark Fletcher, ndiye aliyeanzisha ONElist, huduma ya vikundi vya barua pepe ambayo baada ya kuungana na eGroups iliishia mikononi mwa Yahoo mwaka 2000, na mwaka 2014 akarudi na huduma hii akilenga watu wale wale. Kila ujumbe hufika kama barua pepe, hujibiwa kama barua pepe, na papo hapo huhifadhiwa kwenye ukurasa wenye utafutaji mzuri, kalenda na sehemu ya picha. Kwa mwanachama mwenye intaneti dhaifu hakuna chepesi zaidi, kwani barua hushuka mtandao ukipatikana na husomwa baadaye hata ukiwa umekatika. Wapenzi wa redio Marekani na Ulaya wanaitumia sana, na naelewa kwa nini. Tatizo ni letu. Wengi wa wanachama wetu walifungua barua pepe ili tu simu ya Android iwashwe, hawakumbuki nenosiri lake, na kisanduku chao kimejaa matangazo. Vikundi vipya vya bure pia vina kikomo cha wanachama 100. Kama kikundi chako ni cha walimu wa vyuo, wastaafu au watafiti wanaofungua barua pepe kila asubuhi, acha kusoma hapa na uende huko.

Zinabaki programu ambazo kikundi huziweka kwenye seva yake chenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko tulikoelekea.

Ya zamani kati ya hizo ni phpBB, iliyoanza mwaka 2000, na ambayo hadi leo inafanya kazi kwenye huduma ya bei ya chini kabisa ya kuhifadhi tovuti, ile inayouzwa na makampuni ya Nairobi na Dar es Salaam pamoja na jina la .co.ke au .co.tz. Kurasa zake ni nyepesi, hufunguka hata kwa simu ya zamani, na data zote ni zenu. Lakini kuweka picha kutoka kwenye simu ni kazi yenye hatua nyingi, mwonekano wake huwafanya vijana wacheke, na bila uangalizi wa kila siku hujaa akaunti bandia zinazotangaza kamari. Ni chaguo la kikundi chenye fedha kidogo na fundi mmoja mwenye subira.

Discourse ilitolewa 2013 na Jeff Atwood, Robin Ward na Sam Saffron, na msimbo wake ni huria, kwa maana kwamba yeyote anaweza kuuchukua na kuuendesha bila kulipia leseni. Tofauti yake na phpBB inaonekana tangu mtu anapoanza kuuliza. Anapoandika kichwa cha swali lake, tuseme "chozi jike Tanga", kando yake hutokea orodha ya mada za zamani zinazofanana, na mara nyingi muulizaji hupata jibu la yule mzee kabla hajamaliza kuandika. Kipengele hicho peke yake kimepunguza marudio kuliko sheria zote tulizowahi kuzibandika kwenye WhatsApp. Picha huwekwa kwa kubonyeza mara moja, na kwa mpangilio wake wa kawaida taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha huondolewa, jambo linalomlinda bundi wetu hata mwanachama akijisahau. Asiyependa kuingia kwenye ukurasa anaweza kupokea muhtasari kwa barua pepe, na seva ikipangwa ipasavyo anaweza kujibu kwa barua pepe vilevile. Mada za wazi hupatikana kwa Google, na zile za viota huwekwa kwenye kundi lililofungwa.

Ulinzi wake dhidi ya matapeli unategemea ngazi za kuaminiwa. Mgeni huingia ngazi ya chini, akiwekewa kikomo cha picha na viungo, na hupandishwa na programu yenyewe akishafungua mada tano, akasoma machapisho thelathini na kutumia jumla ya dakika kumi akisoma. Mpango huo una busara, ila kwa wapenda ndege una kichekesho chake, kwa kuwa mgeni wetu hujiunga kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ana picha nne za ndege asiyemjua na anataka kuzionyesha zote. Legezeni kikomo hicho cha picha kabla ya kualika watu.

Kwenye swali la kuondoka, Discourse haina mpinzani katika orodha hii. Kwenye ukurasa wa msimamizi kuna kitufe cha kutengeneza nakala, nacho hutoa faili moja lenye kila chapisho, kila akaunti na kila picha. Faili hilo hupelekwa kwenye seva ya kampuni nyingine, hurudishwa, na jukwaa linaamka pale pale lilipolalia. Hapo awali tulikuwa na tovuti ndogo kwa kampuni moja ya kuhifadhi tovuti ambayo ilitangaza kwamba inatunza nakala kila usiku. Diski yao ilipoharibika, nakala iliyopatikana ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Tangu hapo siamini nakala ambayo siwezi kuipakua mwenyewe.

Bei yake si ya kila kikundi. Discourse inahitaji seva yenye angalau gigabaiti 1 ya RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kwa kweli ni afadhali ziwe 2, jambo ambalo kwa makampuni ya nje linagharimu kati ya dola 5 na 15 za Marekani kwa mwezi, na inahitaji huduma tofauti ya kutuma barua pepe, kwani bila hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha akaunti. Malipo hufanywa kwa kadi. Kwa walioko Kenya, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyoanza kutolewa na M-Pesa mwaka 2022 imerahisisha jambo hilo. Uzito wake kwenye simu za bei nafuu ni hitilafu ya kweli. Kazi kubwa ya kuchora ukurasa hufanywa na simu yenyewe kwa JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, na Atwood mwenyewe aliwahi kulalamika hadharani mwaka 2015 kwamba simu za Android zilikuwa zikiachwa nyuma sana katika kazi hiyo. Simu zimeboreka tangu wakati huo, lakini aliye na simu ya miaka mingi ataona ukurasa wa kwanza ukifunguka taratibu na bando likishuka haraka kuliko alivyozoea. Tafsiri ya Kiswahili ipo bila kukamilika, kwa hiyo msimamizi atahitaji jioni kadhaa za kurekebisha maneno, kazi ambayo binafsi niliifurahia.

Sheria isisahauliwe. Mwendesha jukwaa lake mwenyewe anabeba wajibu ambao ndani ya WhatsApp hubebwa na kampuni. Kanuni za maudhui mtandaoni za Tanzania za 2018 zilidai leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kwa wenye blogu na majukwaa ya mijadala, na JamiiForums ililazimika kusitisha huduma kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni hizo zimeandikwa upya na kurekebishwa tangu wakati huo, kwa hiyo anayesajili jukwaa Tanzania aulize TCRA kwanza kama shughuli yake inaguswa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Tanzania ina ya kwake ya 2022, na zote mbili zinamhusu anayetunza majina na barua pepe za watu. Msikusanye msichokihitaji. Sisi hatuombi jina halisi wala namba ya simu.

Pendekezo langu kwa kikundi kinachofanana na chetu ni kutumia viwili kwa pamoja. WhatsApp ibaki mahali pa kusalimiana, kupanga safari na kutangaza kilichoonekana asubuhi hii, na kila swali la kutambua ndege lipelekwe Discourse kwa kiungo, hata kama muulizaji ataona ni usumbufu. Kumbukumbu za kuonekana kwa ndege zisihifadhiwe kwa mazungumzo kabisa: ziende eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, iliyoanza 2002, au Kenya Bird Map, au iNaturalist, ambayo huficha yenyewe mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini. Kikundi kisicho na fundi kichague Telegram na mtu mmoja apewe kazi ya kutoa nakala kwa kompyuta kila mwisho wa mwezi. Kwa walio chini ya 100 na wanaopenda barua pepe, Groups.io inatosha na kuzidi.

Mkichagua seva yenu wenyewe, jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lisajiliwe kwa anwani ya barua pepe ya kikundi, si ya msimamizi binafsi. Nenosiri la seva na la malipo liwe kwa watu wawili wasioishi mji mmoja, na mweka hazina alipie kikoa miaka miwili au mitatu mbele, kwa kuwa fedha za kikundi huwa nyingi mwanzoni, shauku ikiwa bado moto.